Mbwa Wawili

Wingu nimelikodi kwa euro nne na senti kwa mwezi.
Mama aliuliza liko wapi, akachungulia dirishani:
juu ya mapaa ya Kutaisi anga lilikuwa tupu.
Nikamwambia liko Ufini, ndani ya ghala la mabati,
linapozwa kwa maji ya bahari.
"Maji tena," akasema,
akarudi kubanja jozi zake.

Bwawa lilifungwa lango mwaka wa sabini na nane.
Gverdisi, nyumba arobaini na moja, ilizama bila haraka:
mahindi, halafu vizingiti, halafu msalaba wa kanisa.
Mama, miaka kumi na tisa, alipita na daftari la hesabu
akiandika kila mlango: nani alilala humo,
mizabibu mingapi, ng'ombe, mbwa.

Saa tano usiku. Skrini nyeusi,
kasa inapepesa
kama mtu anayengoja uanze wewe kusema.
Naingia kama mzizi. Ndilo jina la mwenye ruhusa zote,
na sisi wa kung'olewa linatuchekesha kidogo.
Naweka seva ya wavuti: inaitika.
Naweka hifadhidata: inadai nenosiri.
Naipa jina la mto, lile la kabla haujaitwa ziwa.

Kisha nikawasha ukuta-moto
kabla ya kuuacha wazi mlango wangu,
mlango namba ishirini na mbili.
Kimya.
Nimejifungia nje, funguo mkononi,
na ndani hamna mtu wa kuitikia hodi.
Asiyesikia la mkuu. Mwongozo ulionya, mstari wa pili.

Nikaifuta seva nzima, nikasimamisha nyingine. Dakika sita.
Chai haikupoa.
Babu alingoja fidia ya nyumba moja
hadi akazikwa kwenye makaburi ya watu wengine.

Jedwali la nyumba. Jedwali la watu. La mizabibu.
Nukta-mkato moja niliyoisahau ilinila nusu saa.
Mwandiko wa Mama unainama kulia, kama wa mtu anayekimbia,
na penye doa sikujua kama ni saba au moja,
nikaandika saba, nikaandika pembeni: muulize.

Alfajiri nikampa simu.
Anwani haina jina bado, ni namba nne na nukta zake.
Ukurasa ukafunguka. Akasoma kwa kidole,
midomo ikicheza, nyumba hadi nyumba,
akasimama kwa Vazha, nyumba ya kumi na tisa.
"Umeandika mbwa mmoja. Vazha alikuwa nao wawili.
Tetra, na yule kiguru aliyekataa kupewa jina."

Nikaandika amri: mbwa, wawili.
Nikabonyeza.
Neno moja nililiruka, neno dogo, *ambapo*.
Ambapo nyumba ni ya kumi na tisa.
Seva haikuniuliza, haina desturi hiyo.
Ilijibu tu: safu arobaini na moja zimebadilishwa.

Padri, mbwa wawili.
Mjane Pupi aliyefuga paka, mbwa wawili.
Mwalimu Otia, aliyezunguka kilomita nzima
kumkwepa Tetra, wawili.
Na ile nyumba ya darajani, iliyohamwa
hata kabla ya maji, jiko baridi, dirisha bila kioo:
wawili.

Mama akahesabu. "Themanini na wawili!"
Akacheka mpaka akashika meza, maganda ya jozi yakamwagika.
"Tungekuwa nao wote siku ile,
wale wahandisi wasingeshuka kwenye gari."

Nakala ya akiba ninayo, ya saa tisa kasorobo.
Amri moja, na kila mtu anarudi na mbwa wake,
na asiye na mbwa anarudi bila mbwa.
Mkono ulikuwa tayari juu ya kitufe.

Nikafunga kompyuta.
Nitairudisha mchana, nikishalala.
Kwa sasa waacheni wabweke.